Tom Mboya: Mkaguzi wa Afya Aliyetetea Hadhi ya Mtumishi wa Umma

Chama cha wafanyakazi ambacho leo kinatetea malipo ya uzeeni ya watumishi wa kaunti nchini Kenya kina asili yake katika ofisi za Baraza la Jiji la Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwasisi wake alikuwa mkaguzi wa afya mwenye umri wa miaka 22, Thomas Joseph Odhiambo Mboya. Wakenya wengi wanamkumbuka kama waziri, mbunge na mmoja wa wapigania uhuru. Wachache wanakumbuka kwamba safari yake ya uongozi ilianzia katika ajira ya umma, na kwamba hoja yake ya kwanza ilihusu masharti ya kazi ya watumishi wenzake.

Makala haya yanasimulia maisha ya kiongozi huyo kwa kuzingatia upande huo. Suala la malipo ya uzeeni linawagusa watumishi wa umma wote, walio kazini na waliostaafu, na historia yake nchini Kenya haiwezi kuelezwa bila kueleza jinsi mfanyakazi Mwafrika wa mjini alivyokuja kutambuliwa kuwa mfanyakazi wa kudumu.

Utoto katika shamba la mkonge

Tom Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 Kilima Mbogo, karibu na mji wa Thika, katika shamba la mkonge la mlowezi Sir William Northrup McMillan. Baba yake, Leonardus Ndiege, alikuwa mnyapara katika shamba hilo. Asili ya familia ilikuwa kisiwa cha Rusinga, katika Ziwa Victoria, lakini mtoto huyo alikulia mbali na kisiwa hicho, miongoni mwa vibarua wa makabila mbalimbali waliokusanywa na kazi ya mkonge.

Mazingira hayo yalimpa mambo mawili. La kwanza ni lugha. Alikua akizungumza Kiswahili na lugha za majirani zake pamoja na Kijaluo, jambo lililomsaidia sana baadaye aliposimama mbele ya wafanyakazi wa Nairobi na Mombasa. La pili ni kuyaona maisha ya mfanyakazi wa ujira mdogo kwa macho yake mwenyewe. Kibarua wa shamba alifanya kazi miaka mingi, akalipwa kidogo, akaishi katika nyumba ya mwajiri, na nguvu zilipomwishia alitarajiwa kurudi kijijini alikotoka. Hakuna akiba yoyote iliyowekwa kwa ajili ya uzee wake.

Alianza masomo katika shule ya misheni ya Kabaa, Ukambani, akaendelea katika shule ya St Mary's Yala, Nyanza, na mwaka 1946 akajiunga na shule ya Holy Ghost, Mangu. Alikuwa mwanafunzi hodari, lakini karo ilikuwa mzigo mkubwa kwa familia yenye watoto wengine waliohitaji pia kusoma. Mwaka 1948 aliacha njia ya masomo ya juu, akachagua mafunzo ya ukaguzi wa afya huko Kabete. Sababu ilikuwa ya wazi: mwanafunzi wa mafunzo hayo alilipwa posho, na posho hiyo ingewasaidia wadogo zake kubaki shuleni.

Ajira barazani na ubaguzi wa masharti ya kazi

Baada ya kuhitimu, Mboya aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi mwaka 1951. Kazi yake ilikuwa kukagua usafi wa maduka, mikahawa, nyumba na vyakula, ikiwemo kupima maziwa yaliyouzwa mjini. Ilikuwa kazi ya kitaalamu yenye mamlaka ya kisheria, lakini masharti yake yalitofautiana kulingana na rangi ya mtumishi. Mkaguzi Mwafrika alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa mkaguzi Mzungu, ingawa wote wawili walifanya kazi ile ile kwa sheria zile zile.

Katika kitabu chake, Freedom and After, kilichochapishwa mwaka 1963, Mboya alisimulia tukio la wakati huo. Siku moja alikuwa peke yake katika chumba cha kupimia maziwa, akaingia mwanamke wa Kizungu aliyeleta maziwa yake yapimwe. Mwanamke huyo alitazama huku na huku, kisha akauliza kama hapakuwa na mtu humo. Alimwona Mwafrika aliyekuwa kazini, lakini hakumhesabu kuwa afisa wa baraza.

Tukio hilo lilikuwa dogo, lakini utaratibu uliolizaa ulikuwa umeandikwa katika nyaraka rasmi. Tume ya Holmes, iliyochunguza utumishi wa umma Afrika Mashariki na kutoa ripoti yake mwaka 1948, ilipendekeza kwamba Mwafrika au Mwasia aliyeshika nafasi sawa na ya Mzungu alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu huyo. Pendekezo hilo likawa msingi wa viwango vya mishahara serikalini. Ilipofika mwaka 1954, Tume ya Lidbury ilipendekeza viwango hivyo vya rangi viondolewe, ingawa tofauti nyingine zilibaki kupitia marupurupu.

Nyuma ya mishahara hiyo kulikuwa na dhana nzito zaidi. Serikali ya kikoloni ilimchukulia mfanyakazi Mwafrika wa mjini kuwa mpita njia. Alilipwa mshahara wa mtu asiye na familia, akapangiwa kitanda badala ya nyumba, na akahesabiwa kuwa mke, watoto na uzee wake vitatunzwa na shamba lake la kijijini. Kwa dhana hiyo, wafanyakazi wengi wa ngazi za chini waliwekwa katika ajira ya muda hata pale walipohudumu kwa miaka mingi.

Kwa nini ajira ya muda ilikuwa hasara ya maisha yote

Msomaji wa leo anaweza kuuliza kwa nini suala la ajira ya kudumu lilikuwa zito kiasi hicho. Jibu limo katika namna pensheni inavyokokotolewa. Kanuni iliyotumika kwa miaka mingi katika utumishi wa umma nchini Kenya humpa mstaafu sehemu moja ya 480 ya mshahara wake wa mwisho kwa kila mwezi mmoja wa utumishi wenye pensheni. Aliyehudumu miaka 20, yaani miezi 240, hupata pensheni iliyo sawa na nusu ya mshahara wake. Anaweza kuchukua robo ya pensheni hiyo kwa mkupuo, na sehemu iliyobaki akalipwa kila mwezi hadi mwisho wa uhai wake.

Chukua mfano wa mtumishi huyo huyo, lakini miaka 8 ya mwanzo awe amehudumu kwa ajira ya muda isiyohesabiwa. Miezi yake itashuka kutoka 240 hadi 144, na pensheni yake itashuka kutoka nusu ya mshahara hadi asilimia 30. Asiyewahi kuingizwa katika masharti ya kudumu hapati pensheni hata kidogo. Kwa hiyo cheo, aina ya mkataba na tarehe ya kuthibitishwa kazini si mambo ya karatasi tu. Ndiyo yanayoamua mtu atakula nini akiwa na umri wa miaka 70.

Hapo ndipo ulipo uzito wa madai ya watumishi wa miaka ya 1950. Kabla ya kudai kiwango bora cha pensheni, iliwabidi kwanza wadai kutambuliwa kuwa wafanyakazi wa kudumu wenye familia na wenye maisha mjini.

Kutoka chama cha watumishi hadi chama cha wafanyakazi

Wakati huo serikali haikupendezwa na vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu. Chege Kibachia, aliyeongoza mgomo wa Mombasa mwaka 1947, alikamatwa mwaka huo huo na kuhamishwa. Makhan Singh na Fred Kubai, viongozi wa shirikisho lililoundwa Nairobi mwaka 1949, walikamatwa Mei 1950, na Makhan Singh akazuiliwa hadi mwaka 1961. Waajiri walipendelea vyama vya ushauri vya watumishi, ambavyo viliweza kuwasilisha maombi lakini havikuwa na uwezo wa kujadiliana kama upande huru.

Mboya alichaguliwa kuongoza chama cha namna hiyo cha watumishi Waafrika wa baraza mwaka 1952. Hakuridhika na nafasi ya kuwasilisha maombi tu. Aliandikisha wanachama katika idara mbalimbali, na chini ya uongozi wake chama hicho kiligeuzwa kuwa chama kamili cha wafanyakazi kilichokusudiwa kuwa cha nchi nzima: Chama cha Wafanyakazi wa Serikali za Mitaa cha Kenya. Yeye mwenyewe akawa katibu mkuu wake.

Uamuzi wa kuwakusanya watumishi wa ngazi zote chini ya chama kimoja ulikuwa wa maana. Karani, mkaguzi, dereva, mfagiaji na mzoa taka walikuwa na mwajiri mmoja, lakini walitengwa kwa vyeo na mishahara. Karani angeweza kutumaini kupandishwa na kupata masharti bora kwa jitihada zake binafsi. Mfagiaji hakuwa na tumaini hilo. Chama kiliwapa wote meza moja ya mazungumzo.

Gharama kwa Mboya mwenyewe ilikuwa ya haraka. Mwaka 1953 ajira yake barazani ilifikia ukingoni kwa sababu ya kazi ya chama. Alikuwa amehudumu kwa takriban miaka miwili, muda mfupi mno kumjengea mtu yeyote haki ya malipo ya uzeeni. Kijana aliyechagua ukaguzi wa afya ili apate kipato cha uhakika kwa ajili ya wadogo zake, sasa aliishi kwa kutegemea ada za wanachama maskini.

Uongozi wakati wa hali ya hatari

Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Viongozi wa chama cha KAU walikamatwa, na Mboya alishika kwa muda mfupi kazi ya mweka hazina wa chama hicho kabla hakijapigwa marufuku Juni 1953. Mwaka huo huo alichaguliwa kuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi vilivyoandikishwa, ambalo baadaye liliitwa Shirikisho la Wafanyakazi Kenya, KFL.

Kwa kuwa vyama vya siasa vya Waafrika vilikuwa vimezimwa, shirikisho hilo lilibaki kuwa mojawapo ya sauti chache halali za Waafrika. Aprili 1954 majeshi yalifanya msako mkubwa jijini Nairobi uliojulikana kama Operesheni Anvil, na maelfu kwa maelfu ya wakazi, hasa Wakikuyu, Waembu na Wameru, walikamatwa na kuzuiliwa. Miongoni mwao walikuwemo wafanyakazi na viongozi wengi wa vyama. Mboya alipinga kukamatwa kwa wanachama, akafuatilia habari za familia zao na kuwasilisha malalamiko ndani na nje ya nchi.

Mwaka huo wa 1954 ulileta pia ripoti ya kamati iliyoongozwa na Kamishna wa Kazi, F. W. Carter, kuhusu mishahara ya Waafrika. Kamati ilikubali kwamba mshahara wa kumtosha mtu mmoja peke yake haufai, ikapendekeza mshahara wa chini upandishwe kwa hatua hadi ufikie kiwango cha kutunza familia. Ripoti hiyo ilitamka wazi kwamba nchi ilihitaji wafanyakazi wa mjini waliotulia kazini. Utekelezaji ulikuwa wa polepole, lakini dhana ya mpita njia ilikuwa imepata pigo.

Machi 1955 makuli wa bandari ya Mombasa waligoma. Mboya alisafiri hadi Mombasa, akawashawishi warudi kazini ili madai yao yapelekwe kwa msuluhishi. Uamuzi wa msuluhishi uliwapa nyongeza ya asilimia 33. Matokeo hayo yalimjengea Mboya jina nchini kote, na yalithibitisha mbinu aliyoishikilia hadi mwisho: chama kiwe na nguvu ya kugoma, lakini nguvu hiyo itumike kuleta mapatano yaliyoandikwa na kutiwa saini.

Kati ya 1955 na 1956 alisoma katika Chuo cha Ruskin, Oxford, nchini Uingereza, ambako alijifunza uchumi, siasa na mahusiano ya kikazi. Mwaka huo wa 1956 shirikisho lake lilikabiliwa na tishio la kufutwa kwa madai ya kuingilia siasa. Tishio hilo liliepukwa baada ya usuluhishi wa Sir Vincent Tewson, katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Uingereza, aliyesafiri hadi Nairobi.

Siasa na kupatikana kwa uhuru

Machi 1957 Waafrika walichagua wajumbe 8 wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Mboya alishinda kiti cha Nairobi akimshinda wakili Clement Argwings-Kodhek. Desemba 1958, akiwa na umri wa miaka 28, alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa Mkutano wa Watu Wote wa Afrika uliofanyika Accra, Ghana. Mwaka 1959 alifanya ziara nchini Marekani kutafuta nafasi za masomo, na Septemba mwaka huo ndege ya kwanza iliwachukua wanafunzi 81 kutoka Afrika Mashariki. Mwaka 1960 alishiriki mazungumzo ya Lancaster House, London, na akawa katibu mkuu wa kwanza wa chama cha KANU.

Wakati huo huo uwanja wa utumishi wa umma ulikuwa ukibadilika. Walimu walikuwa wameunda chama chao cha kitaifa, KNUT, Desemba 1957. Mwaka 1960 sheria ilianzisha mfuko wa akiba wa wafanyakazi wa serikali za mitaa, uliofahamika kama LAPFUND. Wafanyakazi wa aina ile ambayo Mboya aliwaandikisha miaka minane kabla sasa walikuwa na mfuko wenye msingi wa kisheria wa kuwawekea akiba ya uzeeni.

Waziri mezani na vyama

Aprili 1962 Mboya aliteuliwa kuwa Waziri wa Kazi katika serikali ya mseto. Aliacha ukatibu mkuu wa shirikisho na kukaa upande wa pili wa meza. Nchi ilikuwa katika wimbi la migomo, uwekezaji ulikuwa ukipungua, na kazi zilikuwa haba. Tarehe 15 Oktoba 1962 serikali, shirikisho la waajiri na shirikisho la wafanyakazi walitia saini Mkataba wa Mahusiano ya Kikazi. Waajiri walikubali kuvitambua vyama na kujadiliana navyo kwa nia njema. Vyama vilikubali kufuata hatua za usuluhishi kabla ya kugoma. Mwaka 1964 ikaanzishwa Mahakama ya Viwanda, iliyopewa jukumu la kuamua migogoro iliyoshindikana mezani.

Mfumo huo ulimnufaisha mfanyakazi kwa njia moja kubwa. Mapatano kuhusu mshahara, likizo, matibabu na malipo ya kuondoka kazini yaliandikwa, na mfanyakazi aliyedhulumiwa alipata mahali pa kwenda. Lakini ulikuwa na upande mwingine, ambao hauwezi kuachwa katika maisha ya Mboya. Katika mapatano ya pande tatu ya Februari 1964, serikali na waajiri waliahidi kuongeza nafasi za kazi, na vyama vikakubali kusitisha madai ya nyongeza na migomo kwa mwaka mmoja. Sheria ya mwaka 1965 ikabana zaidi nafasi ya kugoma, hasa katika huduma muhimu. Mwaka huo huo shirikisho alilolijenga Mboya likavunjwa, na mahali pake ukaundwa muungano mmoja, COTU, wenye uhusiano wa karibu na serikali.

Baadhi ya wenzake wa zamani waliona kwamba Mboya waziri aliwanyima wafanyakazi silaha ambayo Mboya katibu mkuu aliwafundisha kuitumia. Yeye aliamini kwamba taifa changa lenye watu wengi wasio na kazi lilihitaji utulivu, na kwamba walioajiriwa walikuwa na wajibu kwa wasioajiriwa. Mjadala huo haujaisha. Unajitokeza kila serikali na chama cha watumishi wanapovutana kati ya uwezo wa bajeti na haki iliyoahidiwa.

Desemba 1964, baada ya kuhudumu kama Waziri wa Sheria na Katiba, alihamishiwa Wizara ya Mipango na Maendeleo ya Uchumi. Huko alisimamia Waraka Nambari 10 wa mwaka 1965 kuhusu ujamaa wa Kiafrika na matumizi yake katika mipango ya nchi, waraka ulioongoza sera za uchumi za Kenya kwa muda mrefu. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria iliyoanzisha Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni, NSSF. Mfanyakazi alichangia asilimia 5 ya mshahara wake hadi kikomo kilichowekwa, na mwajiri alitoa kiasi kama hicho. Hazina hiyo haikuwa kazi ya mtu mmoja, na Mboya hakuwa tena Waziri wa Kazi ilipoundwa. Hata hivyo ilisimama juu ya msingi ambao yeye na wenzake waliupigania kwa zaidi ya miaka 10: kwamba mfanyakazi wa Kenya ana uzee unaopaswa kuandaliwa akiwa bado kazini, na kwamba mwajiri ana sehemu yake katika maandalizi hayo.

Kifo na kumbukumbu

Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, Mboya alipigwa risasi mchana nje ya duka la dawa katika barabara ya Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue, Nairobi. Alikuwa na umri wa miaka 38. Nahashon Isaac Njenga Njoroge alishtakiwa kwa mauaji hayo, akapatikana na hatia na kunyongwa mwaka huo huo. Kifo hicho kilizua majonzi na ghasia na kuacha jeraha kubwa katika siasa za nchi. Mboya alizikwa katika kisiwa cha Rusinga. Alimwacha mjane, Pamela Odede, waliyefunga ndoa Januari 1962, pamoja na watoto.

Jina lake limehifadhiwa katika mtaa mkubwa wa Nairobi, katika Chuo cha Wafanyakazi cha Tom Mboya kilichopo Kisumu na katika Chuo Kikuu cha Tom Mboya kilichopo Homa Bay. Sanamu yake ilisimamishwa mwaka 2011 Moi Avenue, karibu na mahali alipouawa.

Urithi wake katika suala la malipo ya uzeeni

Chama alichokiasisi bado kipo. Baada ya Katiba ya mwaka 2010 kuanzisha serikali za kaunti, Chama cha Wafanyakazi wa Serikali za Mitaa kilibadilika kuwa Chama cha Wafanyakazi wa Serikali za Kaunti. Miongoni mwa madai yake makuu katika miaka ya karibuni ni michango ya uzeeni iliyokatwa kwenye mishahara ya watumishi bila kuwasilishwa katika mifuko husika. Deni hilo, ambalo sehemu yake lilirithiwa kutoka kwa mabaraza ya zamani, limefikia mabilioni ya shilingi.

Madhara yake ni rahisi kuyaeleza. Mfuko hauwezi kuwekeza fedha usizozipokea, wala kumlipa mstaafu kikamilifu. Mtumishi aliyesafisha masoko au kuzoa taka za mji kwa miaka 30 hufika ofisini siku ya kustaafu na kuelezwa kwamba mwajiri wake hajakamilisha michango. Makato yake yalitoka kila mwezi. Malipo yake ndiyo hayajafika. Mwaka 1952 mtumishi alikosa malipo ya uzeeni kwa sababu mwajiri alimhesabu kuwa wa muda. Leo anaweza kuyakosa akiwa na barua ya ajira ya kudumu mkononi, na kwake yeye matokeo ni yale yale.

Sheria imepiga hatua. Mamlaka ya Malipo ya Uzeeni iliundwa chini ya sheria ya mwaka 1997 ili kusimamia mifuko yote. Sheria ya mwaka 2019 iliweka utaratibu wa mfuko wa uzeeni wa watumishi wa kaunti. Kwa upande wa serikali kuu, mpango wa kuchangia ulianza tarehe 1 Januari 2021: mtumishi alianza kwa kuchangia asilimia 2 ya mshahara wake mwaka wa kwanza, asilimia 5 mwaka wa pili, na asilimia 7.5 kuanzia mwaka wa tatu, huku serikali ikichangia asilimia 15. Kifungu cha 41 cha Katiba kinalinda haki ya mfanyakazi kujiunga na chama na ya chama kujadiliana na mwajiri, na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, mrithi wa Mahakama ya Viwanda ya mwaka 1964, husikiliza migogoro ya aina hiyo.

Hatua hizo zote zinategemea jambo ambalo Mboya alilifanya kwa mikono yake alipokuwa mkaguzi wa afya: watumishi kujua masharti yao, kuyafuatilia kwa pamoja na kutaka yaandikwe. Mtumishi wa umma anakumbushwa kuomba taarifa ya michango yake kutoka kwa mfuko wake angalau mara moja kwa mwaka, kuilinganisha na makato yaliyo katika hati ya mshahara, kuhakikisha kwamba tarehe ya kuajiriwa na majina ya warithi yameandikwa kwa usahihi, na kuripoti mapema kasoro yoyote kwa mwajiri, kwa chama chake au kwa Mamlaka ya Malipo ya Uzeeni. Kasoro inayogunduliwa mtumishi akiwa bado kazini hurekebishwa kwa urahisi zaidi kuliko inayogunduliwa siku ya kustaafu.